Barua za Ukoo Zilizokuwa Zinarudi Bila Sisi Kujua

Kijenge, Jumatano. Julai, na baridi yake.

Tangu alfajiri ukungu umelala juu ya mabati. Manyunyu yanadondoka bila kuamua kuwa mvua, na mlima hauonekani hata kidogo. Nimemimina chai mara mbili na mara zote mbili imepoa mezani. Nikiketi nasimama. Nikisimama natafuta kazi ya mikono, ilhali kazi yangu ya leo ni moja tu, nayo iko ndani ya kompyuta.

Afadhali niandike kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha wengine kuandika miaka yote niliyoshika chaki.

Mimi ni katibu wa ukoo wetu. Wazee walinipa kazi hiyo nilipostaafu, si kwa sababu walitaka mwanamke aketi nao, bali kwa sababu walichoka kusoma mihutasari isiyoeleweka. Ukoo una tovuti. Aliyeitengeneza alikwisha kwenda zake kutafuta kazi kubwa zaidi, akaniachia neno la siri na maelekezo ya ukurasa mmoja. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kurekebisha.

Kazi ya tovuti hiyo ni kupeleka taarifa za vikao kwa ndugu walio mbali. Walio karibu hawaihitaji. Wanatangaziwa nje ya kanisa baada ya ibada, au wanapigiwa simu, na kabla ya jioni habari imekwisha kuzunguka kutoka Momela hadi mjini. Walio mbali ndio walioandikishwa kwa barua pepe. Upo pia ukurasa unaoitwa Tuandikie, ambapo ndugu yeyote anaweza kuandika neno lake, nalo likaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti ni kaka yangu mkubwa, Aminieli.

Jumamosi hii tuna kikao. Jambo la kikao ni kihamba cha marehemu kaka yetu Eliakimu, lile shamba la nyumbani lililo kando ya njia ya kwenda Momela. Eliakimu na mkewe wamezikwa hapohapo, chini ya migomba. Waliacha mtoto mmoja, binti, Ndeshi, ambaye ni muuguzi Norwe. Tangu alipomzika mama yake akarudi kazini, nyumba imefungwa, na shamba linalimwa maharage na Zakaria, kitindamimba wa Aminieli. Sasa Zakaria ameomba apewe kihamba chote ajenge. Mawe ya msingi ameshayamwaga.

Katiba ya ukoo inasema hivi: aliyepelekewa taarifa, asipojibu kabla ya kikao, atahesabiwa kuwa amekubali.

Sentensi hiyo niliitunga mimi. Niliipenda kwa ufupi wake.

Ndeshi amepelekewa taarifa. Ya kwanza, ya kukumbusha, na nyingine tena. Hakujibu hata moja. Wazee wakasema mtoto ameshakuwa wa huko, hana haja na udongo wetu. Mimi moyoni nilisema makali zaidi yao. Namba yake ya zamani haipatikani, na sikujisumbua kuitafuta mpya. Mtoto ambaye nilimshonea gauni la kipaimara kwa mkono wangu, nimwandikie mara tatu anyamaze, halafu mimi ndiye nimkimbilie kwenye simu? Shangazi hafanyi hivyo.

Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri hadi jana.

Jana jioni nilituma taarifa ya mwisho. Nilibonyeza, na kama kawaida ukurasa ukaleta maneno ya kijani: Taarifa imetumwa. Nikafunga kompyuta nikiwa na amani ya mtu aliyetimiza wajibu wake.

Leo asubuhi nimekuta onyo kutoka kampuni inayotupangisha nafasi ya tovuti. Nafasi yetu inakaribia kujaa. Nimeshangaa. Tovuti ya ukoo ina picha chache za harusi, historia ya babu, na mihutasari yangu. Nani ameijaza?

Nimeingia kwenye paneli ya kuendeshea tovuti, nikapekua folda moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta panya ghalani. Picha ni zilezile. Mihutasari ni ileile. Kilichovimba ni sanduku moja la barua ambalo sikuwahi kulifungua, lililofunguliwa na seva yenyewe siku tulipoanza, lisilo na mwenyewe.

Nimelifungua.

Lilikuwa limejaa barua zetu. Taarifa za vikao, moja juu ya nyingine, kila moja imebandikwa maelezo ya Kiingereza juu yake: haikupokelewa, inarudishwa kwa mtumaji. Nimeteremka chini, nikateremka tena, hazikwisha. Katikati nikaona anwani ya Ndeshi. Chini yake tena. Na chini yake tena.

Nimeondoka mezani nikaenda kusimama mlangoni. Sikumbuki nilikwenda kutafuta nini.

Nimerudi nikaipigia simu kampuni. Amepokea binti mmoja, sauti yake ya kichangamfu, ya mtu wa Dar es Salaam ambaye hajui baridi ni nini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua pepe kutoka kwenye tovuti yetu hazifiki."

"Pole, mama. Kwa upande wetu naona zinatoka vizuri tu."

"Sikuuliza kama zinatoka. Nimesema hazifiki."

Akacheka kidogo, akajizuia. "Sawa, mama. Nipe dakika."

Nikiwa ninasubiri nikaanza kuwashuku majirani. Lazima nieleze. Sisi hatuna seva yetu. Tumepanga kwenye seva moja na wengine wasiojulikana, kama vyumba vya uani: mlango wako ni wako, lakini geti ni la wote. Mpangaji mmoja akiwa mwizi, polisi wanalijua geti, hawajui chumba. Vivyo hivyo mmoja akituma barua taka, seva nzima inaandikwa kwenye orodha ya wabaya, na barua za wote zinakataliwa huko ziendako. Nilikuwa na uhakika kwamba hilo ndilo lililotupata. Niseme kweli, nilitamani liwe hilo. Lingekuwa kosa la mtu nisiyemjua.

Binti akarudi. Seva yao ni safi, hakuna orodha iliyoitaja. Ila ameona kwamba programu yetu inazitoa barua bila kujitambulisha, inazisukuma tu nje. Inafaa iingie kwa anwani na neno la siri, kama mtu anavyoingia kwenye sanduku lake.

"Mama, hapo una mtu wa IT nimwelekeze?"

"Mtu huyo ni mimi."

"Ah. Basi sawa, mama. Fungua mipangilio ya tovuti, tuanze."

Amenielekeza vizuri, nami nimefuata neno kwa neno. Tumeweka jina la seva, namba ya mlango wa kutokea, anwani, neno la siri. Nikajitumia barua ya majaribio kwenye anwani yangu ya katibu. Imefika kabla sijaondoa kidole. Nikamshukuru, nikakata simu, nikavuta pumzi.

Kisha nikakumbuka kwamba hata zamani, kila nilipojaribu kwa anwani hiyo, barua ilifika.

Anwani ya katibu iko kwenye tovuti ileile, seva ileile. Barua ile haikuvuka geti. Ilitoka jikoni ikaingia sebuleni. Na hicho ndicho kipimo nilichokuwa nikikitumia siku zote kuwahakikishia wazee kwamba mtambo ni mzima.

Nina anwani nyingine ya zamani, ya bure, kwenye kampuni kubwa ya nje ambayo nusu ya ukoo inaitumia. Nikatuma huko. Nikasubiri. Nikafagia jiko. Nikaangalia. Nikakunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Nikaangalia tena. Hakuna. Nilipofungua lile sanduku lisilo na mwenyewe, nikaikuta huko, imerudi, bado ya moto.

Safari hii niliketi nikaisoma barua iliyorudi tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile mistari ya chini ambayo watu huiruka. Nimewachapa wanafunzi wengi kwa kujibu swali kabla ya kulisoma lote. Maelezo ni mabaya kwa lugha, lakini yanaeleweka. Yanasema hivi: mtumaji wa barua hii ameandika anwani ya kampuni fulani ya barua za bure; kampuni hiyo imetangaza kwamba barua zenye anwani zake zitoke kwenye seva zake tu; hii imetoka kwenye seva nyingine; kwa hiyo ni ya kughushi, na imekataliwa.

Nikaangalia mstari wa mtumaji. Anwani iliyopo ni ya kaka yangu Aminieli.

Hapo nikajua lini ilianza.

Tovuti ilipokuwa mpya, taarifa zilitoka kwa anwani ya tovuti yenyewe, iliyoitwa Taarifa. Zilifika. Lakini kwenye kikao cha kwanza baada ya hapo kaka yangu alisimama, simu mkononi, akauliza mbele ya wote, "Nani huyu Taarifa? Ana baba? Ana boma? Tangu lini ukoo ukaitwa na mtu asiye na kwao?" Watu walicheka, lakini hakuwa anatania, na wazee wote walimuunga mkono. Kwetu wito wa ukoo unatoka kinywani mwa mkubwa. Ukitoka kwa mwingine si wito, ni uvumi. Kikao kikaamua kwamba taarifa zote zitoke kwa mwenyekiti. Nikarudi nyumbani, nikafuta anwani ya tovuti, nikaweka yake, ile ya bure aliyofunguliwa kwenye simu. Niliona ni sawa. Hata leo naona walikuwa na haki ya kudai hivyo.

Tangu siku hiyo hakuna barua iliyovuka geti.

Nilijua dawa yake. Mtumaji awe tovuti, kwa anwani yake yenyewe na neno lake la siri. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini kubadili kilichoamuliwa na kikao bila idhini ya mwenyekiti ni jambo ambalo sijawahi kulifanya, na sikutaka kulianza leo, kwa jambo ambalo mwanawe yumo ndani yake.

Nimempigia. Kule kwake simu inashika zizini tu, kwa hiyo maongezi yetu yote huwa na ng'ombe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mwalimu. Huko mmeona jua?"

"Hatujaliona. Kaka, taarifa za kikao hazikumfikia Ndeshi. Hata moja."

"Uliniambia zimetumwa."

"Zilitumwa. Zimerudi zote. Nimezikuta leo."

Ng'ombe mmoja akalia karibu na simu. Kaka yangu akamfukuza, akarudi.

"Zimerudije? Jina langu limekataliwa?"

"Jina lako halina tatizo. Seva za huko zinaona mtu anabisha hodi, anasema mimi ndiye Aminieli, lakini ametokea kwenye nyumba ambayo Aminieli hakai. Zinamwita mwongo."

"Lakini mimi ndiye niliyemtuma."

"Basi aseme ametumwa."

Nikaona nisimwache afikirie mbali.

"Unakumbuka baba alipotutuma kuwaita watu wa kikao? Alitupa ile fimbo yake fupi. Tulisimama getini kwa watu tukasema, nimetumwa na baba. Hatukusema, mimi ndiye baba."

"Nakumbuka."

"Siku uliyosahau fimbo, mzee wa ng'ambo ya korongo alikurudisha. Akasema hamjui mtoto anayetembea na maneno matupu."

"Wewe mambo ya kunichekea huyasahau."

"Nakumbuka pia ulivyochapwa uliporudi."

Akacheka, cheko lake fupi la puani. Nikamweleza ninachotaka: barua itoke kwa anwani ya tovuti, na neno la siri ndilo fimbo. Juu yake pataandikwa jina lake, Mzee Aminieli, mwenyekiti, kwa mkono wa katibu. Mpokeaji akifungua ataona ameitwa na mkubwa wake, na seva itaona mjumbe aliyetoka anakosema ametoka.

"Na akijibu, jibu linakwenda kwa nani?"

"Kwako," nikasema. "Ndiyo desturi."

Nilisema hivyo bila kufikiri, kwa sababu ndiyo desturi. Baada ya kusema ndipo nikasikia nilichokisema. Naye nadhani alisikia.

"Mwalimu, Zakaria ameshaita fundi. Jumatatu anaanza."

"Najua, kaka."

"Akijibu hapana je?"

"Itakuwa amejibu."

Ng'ombe wakaongea peke yao kwa muda.

"Tuma," akasema, akakata.

Nimebadilisha mstari wa mtumaji. Nimejaribu kwenye anwani yangu ya zamani. Safari hii haikurudi, lakini haikuonekana pia. Niliikuta imetupwa kwenye folda ya barua taka, pamoja na matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Taarifa ya ukoo wetu, yenye jina la kaka yangu, katikati ya mambo hayo. Nimempigia tena yule binti wa kampuni.

"Umefika mbali, mama," akasema. Akanieleza kwamba kwenye kumbukumbu za jina la tovuti yetu hakuna mahali palipoandikwa kuwa seva yao inaruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo. Ni mstari mmoja tu. Akanisomea, nikauandika, akanisomea tena kwa sababu nilimwamuru, nikauweka. Akasema unaweza kuchukua muda kuenea.

Muda gani? Hakujua. Saa moja, saa kadhaa, wakati mwingine siku.

Siipendi mitambo kwa jambo hili. Mtu ukimwuliza muda anaweza kudanganya, lakini angalau anakudanganya usoni.

Nimepika. Sikula. Nimejaribu, imeingia kwenye barua taka. Nimekwenda dukani kununua chumvi nikiwa na chumvi nyumbani. Jirani yangu, mama wa Kimachame anayeuza vitenge, amenisalimia nikampita, ikabidi nirudi kuomba radhi. Ameniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia bado.

Kwa nini nilisema bado?

Niliporudi nimejaribu tena, nayo imetua mahali pake, juu kabisa, jina la kaka yangu kwa herufi nzito.

Kisha nikamwandikia Ndeshi. Taarifa ileile, bila kuongeza neno. Nilitaka kuongeza. Nilitaka kuanza na mwanangu. Lakini taarifa ya ukoo haina mahali pa neno hilo, na mimi ndiye niliyeweka kanuni kwamba katibu haongezi lake. Nikabonyeza. Maneno ya kijani yakatokea: Taarifa imetumwa. Sijawahi kuyachukia maneno sahihi namna ile.

Safari hii nilikwenda kwenye kumbukumbu za seva nikauangalia mstari wa barua yake. Imepokelewa na seva ya mpokeaji. Nikaliangalia lile sanduku lisilo na mwenyewe. Hakikurudi kitu. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya kabisa, na hiyo ndiyo sehemu ngumu ya siku yote. Jibu likija, halitakuja kwangu. Litaingia kwenye simu ya mzee mmoja aliyesimama zizini, ambaye mwanawe ameshamwaga mawe. Akikaa nalo mpaka Jumamosi ipite, hakuna mtu duniani atakayejua. Mimi mwenyewe nitasoma ile sentensi yangu mbele ya kikao, na kihamba kitakwenda.

Simdhanii mabaya kaka yangu. Nimeandika hivi kwa sababu nilifikiri hivyo, mchana mzima, na shajara isiyoandika kilichofikiriwa haina maana.

Jua halijawahi kuonekana leo, kwa hiyo sikujua kama jioni imeingia hadi kwaya ya jirani ilipoanza mazoezi. Sauti ya tatu inaimba chini ya noti, kama kawaida. Simu ikaita.

"Mwalimu."

"Naam, kaka. Shikamoo."

"Umeshanipa leo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto amejibu."

Nikasikia anahangaika na simu, akitafuta namna ya kusoma na kuongea kwa wakati mmoja. Kisha akaanza kusoma polepole, kama anavyosoma zaburi, neno moja moja.

"Shikamoo baba mkubwa. Hii ni barua ya kwanza kuipata kutoka nyumbani tangu tulipomzika mama. Nilijua mmeshanitoa kwenye ukoo, nami nikaona haya kuendelea kuuliza. Kihamba sikubali kigawiwe. Mama na baba wamelala pale. Mniwekee hadi nipate likizo, nitakuja niseme mbele yenu wote. Msalimie sana shangazi."

Akasita.

"Hapa ameweka jina lake lote," akasema. "Na la baba yake."

"Nimesikia, kaka."

"Basi andika. Andika kwamba mwenye kihamba amejibu, jambo lake linasubiri aje."

"Na Zakaria?"

"Zakaria ni mwanangu. Nitamwambia mimi." Akakohoa. "Unaandika?"

"Naandika."

Nilikuwa ninaandika kweli.

Baada ya kukata simu sikuweza kuacha neno moja la barua ile. Kuendelea kuuliza. Alimwuliza nani? Mimi hakuniuliza. Nimempigia tena kaka yangu, naye anasema hakumwuliza pia.

Kisha nikaukumbuka ukurasa wa Tuandikie. Nao unatuma kwa mwenyekiti, na wenyewe pia ulikuwa ukitumia jina lake kama mtumaji. Nimefungua tena lile sanduku, nikatafuta jina la Ndeshi, safari hii si kama mpokeaji.

Zipo. Aliandika, na bila shaka tovuti ilimshukuru kwa maneno ya kijani, na seva ikazirudisha hapo, karibu kabisa na barua zetu kwake. Zetu zinamtaka ajibu. Zake zinaomba tujibu. Zimelala pamoja kwenye sanduku moja, na mimi nina ufunguo wake tangu siku ya kwanza.

Ya mwisho ni fupi. Inasema: "Shikamoo. Naomba mtu yeyote anijulishe kama kaburi la mama limeshasakafiwa, maana nilisikia mvua zilikuwa kubwa. Ndeshi."

Nimemjibu. Si kama katibu. Nimetumia anwani yangu mwenyewe ya zamani, na nimeanza na lile neno nililolinyima nafasi mchana. Nimemwambia ukweli, kwamba halijasakafiwa, na kwamba kesho nitapanda mwenyewe nikalitazame, nipige picha.

Jumamosi nitaomba ile sentensi ifutwe kwenye katiba. Nitakayopendekeza ni ndefu na haina uzuri wowote: aliyepelekewa taarifa atahesabiwa kuwa amejibu pale tu jibu lake litakaposomwa kikaoni. Wazee watalalamika kwamba mambo yatachelewa. Na yachelewe. Kwenye lile sanduku bado kuna barua za majina mengine, watu wa mbali ambao tuliwahi kuwahesabu kuwa wamekubali hili au lile. Nitazisoma zote kabla sijaingia kikaoni, hata kama ninaogopa nitakachokikuta.

Liko jambo jingine, nalo ndilo linanizuia kuketi hata sasa. Mawe ya Zakaria yako palepale kihambani, hatua chache kutoka kaburini. Yanatosha kulisakafia na kubaki. Kesho atakuwa ameshasikia kutoka kwa baba yake, naye atakuwa na hasira, na mimi nitakuwa nimesimama mbele yake.

Je, nitaweza kumwomba?